Fuvu la Mkwawa lina kabati lake, wapagazi wa Rungwe wana nini?

Makamanda, najua kuna watakaosema nimeacha bei ya chai na pembejeo nimekuja kuongelea makumbusho. Nisomeni kwanza. Ni mambo yale yale.

Hivi karibuni nilikuwa Iringa kwa shughuli za chama, nikapata nusu siku, nikaenda Kalenga. Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, Wajerumani wakaipiga mizinga na kuiteka Oktoba 30, 1894. Makumbusho yenyewe ni ndogo, saa nzima huimalizi. Kuna mikuki, marungu, na ndani ya kioo fuvu la chifu mwenyewe. Mkwawa alijiua 1898 ili asikamatwe akiwa hai, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 wakubwa walipokaa Versailles kumaliza Vita Kuu wakaandika kwenye mkataba, kifungu cha 246, kwamba fuvu lirudishwe. Likarudi 1954.

Kaka aliyekuwa anatutembeza aliposikia natokea Tukuyu akaniuliza, "Ndugu yangu, si vita vya Mjerumani na Mwingereza vimepita kwenu kabisa? Makumbusho yenu iko wapi?"

Haipo. Na vita vilipita kweli. Tukuyu ndiyo Neu Langenburg ya Wajerumani, na kuta za boma lao bado zimesimama mjini. Kule Masoko, pembeni ya ziwa Kisiba, lipo jengo la mawe la kambi yao, Kombania ya 5. Kutoka huku Septemba 1914 walivuka kwenda kupiga Karonga, Nyasaland, wakachapwa tarehe 9. Mei 1916 ikawa zamu ya Waingereza. Jeshi la Jenerali Northey likapandisha kutoka Nyasaland, Wajerumani wakaiacha Tukuyu na kukimbia.

Sasa jiulize, hizo risasi, unga na mahema vilifikaje? Hakukuwa na reli wala lori. Vilibebwa kichwani. Jumbe anaambiwa alete watu kadhaa, anawaleta, wapende wasipende. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, mzigo ukabaki kichwani kwa mtu yule yule. Wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Waingereza peke yake, kwa Afrika Mashariki nzima, waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Tumewaachia nini? Jina la soko la Kariakoo. Hata ile sanamu ya katikati ya Dar es Salaam, ya 1927, ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi kaishia kutajwa kwenye maandishi ya chini.

Ukienda Masoko leo, hadithi utakayosimuliwa ni ya hela za Mjerumani zilizozamishwa ziwani. Hela! Watu waliokwenda wasirudi hawana hadithi.

Wenye nchi watasema hakuna fungu. Jamani, Mwenge unakimbizwa kila mwaka, kila halmashauri, na fungu linapatikana, likipungua mtendaji anapita nyumba kwa nyumba na daftari la michango. Mimi siamini kabisa kwamba tatizo ni hela. Chifu shujaa ni rahisi kumwekea kabati, unampigia saluti, unapiga picha, unaondoka. Mpagazi ana maswali. Nani aliandika jina langu? Nani alikula ujira wangu? Kwa nini vita si vyangu lakini mzigo ni wangu? Mkulima wa chai wa Katumba akiyasikia hayo maswali, atayaulizia wapi kama si kwenye mkutano wa kijiji? Hapo ndipo wanapoogopa.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea kwenye makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Ni jambo jema, na Wangoni walistahili kulisikia zamani sana. Serikali yetu nayo ikasema iko tayari kwa mazungumzo. Basi tuambiwe hayo mazungumzo yana nani ndani yake na yanadai nini, na kama kuna mtu mle amewahi kutamka neno wapagazi. Tunataka jengo la Masoko liwe makumbusho yao, na tunataka madai hayo yaingie kwenye bajeti ya halmashauri, siyo kwenye hotuba.

Lakini tusiwasubiri. Mwenye babu au bibi aliyezaliwa kabla ya 1945, Jumamosi hii kaa naye, washa simu urekodi. Muulize baba yake alibebeshwa mzigo na nani, waliondoka wangapi kijijini, wakarudi wangapi, na majina yao. Kata za Masoko na Kisiba tunaanza sisi.