Kipimo cha CT scan na Maradhi ya Mgongo: Tunu ya Sayansi Inayodai Haki na Busara

Mwinjili Luka, katika sura ya 13, anasimulia habari za mwanamke aliyekuwa amepindika mgongo kwa muda wa miaka 18, asiweze kabisa kujinyoosha. Kristo Yesu alimwona, akamwita, akamwekea mikono, naye mara akanyoka na kumtukuza Mungu. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu uponyaji huo ulifanyika siku ya Sabato. Yesu akamkumbusha kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake siku hiyo hiyo ili akanywe maji. Iweje basi binti wa Ibrahimu aachwe amefungwa?

Katika parokia zetu wapo akina mama na akina baba wengi wanaoishi katika hali ya mwanamke huyu. Wapo walioangukiwa na mizigo, waliopata ajali za pikipiki, walioanguka kutoka juu ya miti, na wale ambao maradhi yanawala mifupa kimya kimya. Kwa miaka mingi kipimo cha CT scan kilikuwa cha watu wa miji mikubwa. Leo kimesogea karibu na wananchi. Kanisa, likiwa ni Mama na Mwalimu, halina budi kuuliza: je, yule anayekihitaji kweli anakifikia kwa wakati?

Kipimo hiki kilivyopatikana

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, na kwa mara ya kwanza mwanadamu akaweza kuiona mifupa ya mtu aliye hai bila kupasua mwili. Hata hivyo, picha ya eksirei hulaza viungo vyote juu ya karatasi moja, kivuli juu ya kivuli. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari tatizo hilo alipokuwa akihudumu katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa jijini London mwaka 1971. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979.

Mashine ya CT scan huizunguka sehemu ya mwili ikitoa mionzi kutoka pande zote, kisha kompyuta hupanga taarifa hizo na kutoa picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa slesi. Kwa upande wa mifupa, faida yake ni kubwa. Daktari anaweza kuona ufa mdogo uliofichika katika pingili ya shingo, kipande cha mfupa kilichosukumwa ndani ya njia ya mishipa ya fahamu, au nyonga iliyovunjika katika sehemu kadhaa, na hivyo kupanga upasuaji kwa uhakika. Kipimo huchukua dakika chache tu, jambo lenye thamani kubwa kwa majeruhi wa ajali.

Kina mipaka yake pia. Uti wa mgongo wenyewe, mishipa ya fahamu, diski laini zilizo kati ya pingili na mishipa inayoshikilia mifupa huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha MRI, ambacho hakitumii mionzi ya aina hiyo. Aidha, CT scan ya mgongo humpa mgonjwa mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, kiasi kinachoweza kulingana na mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo watoto huhitaji uangalifu wa pekee, na mama mjamzito hana budi kumjulisha mhudumu kabla ya kupimwa.

Hatua iliyopigwa na pengo lililobaki

Nchini Tanzania, zamani mgonjwa wa mgongo alilazimika kusafiri hadi Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au KCMC mjini Moshi. Katika miaka ya karibuni Serikali imefunga mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na sehemu ya fedha ilitoka katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliopatikana mwaka 2021, wakati wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizi ni hatua za kupongezwa.

Lakini mashine ikiwa mkoani na mgonjwa akiwa kijijini bila nauli, bila bima na bila barua ya rufaa, kwake bado ni kama haipo. Mashine pia huhitaji umeme wa uhakika, matengenezo na, zaidi ya yote, daktari bingwa wa radiolojia wa kuisoma picha. Picha isiyosomwa na mtu mwenye ujuzi haimponyi mtu.

Kuna makosa mawili yanayotokea sambamba katika jamii yetu. La kwanza ni kuchelewa. Mgonjwa hukandwa kwa maji ya moto, hupelekwa kwa waganga wa kuunga mifupa, huzunguka kutoka mkesha mmoja wa maombezi hadi mwingine, na hufika hospitalini miguu ikiwa imekwisha kufa ganzi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni mfano wa kusikitisha. Ugonjwa huu huweza kubomoa pingili, kumfanya mtu awe na kibiongo na hatimaye kupooza, ilhali unatibika kwa dawa ambazo nchini mwetu hutolewa bila malipo. CT scan huonyesha mfupa ulivyoliwa na kumwongoza daktari kuchukua sampuli kwa sindano.

Kosa la pili ni kupima bila sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, na kwamba katika takriban asilimia 90 ya hali hizo hakuna ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Wengi hupata nafuu kwa kuendelea na shughuli zao kwa kiasi, mazoezi na dawa za kawaida za maumivu. Mwenye uwezo anayeshinikiza apigwe picha kwa kila maumivu hujiongezea mionzi na gharama. Na kituo cha afya kinachoagiza vipimo kwa ajili ya mapato kinamgeuza mgonjwa kuwa bidhaa. Hospitali za Kanisa, hata zinapobanwa na madeni, zinaitwa kuukataa kishawishi hiki.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Ni vyema waamini wazifahamu dalili zinazodai hospitali bila kuchelewa: maumivu ya mgongo baada ya ajali au kuanguka, maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, na kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa. Kwa wazee, hasa akina mama, hata kuanguka kidogo kunaweza kuvunja pingili kwa sababu mifupa imekuwa dhaifu.

Vilevile, majeruhi anayehofiwa kuumia shingo au mgongo asiketishwe juu ya pikipiki wala kubebwa huku amekunjwa. Alazwe chali juu ya ubao au kitu kigumu, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka, na watu kadhaa wambebe kwa pamoja. Huruma isiyo na maarifa inaweza kumpoozesha mtu ambaye mfupa ulivunjika lakini uti wa mgongo ulikuwa bado salama.

Wajibu wa Jumuiya

Katika Wosia wa Kitume Dilexi te wa tarehe 4 Oktoba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV anawakumbusha waamini kwamba huduma kwa wagonjwa ni sehemu ya upendo wa Kanisa kwa maskini tangu mwanzo. Bugando yenyewe, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania inayoendeshwa kwa ubia na Serikali, ni ushuhuda wa imani hiyo tendaji. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kusali wakati wa ugonjwa. Sala na tiba hazigombani. Mgonjwa apokee Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na pia afikishwe hospitalini.

Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi ya pekee. Zinaweza kuhimiza kila kaya kujiunga na bima ya afya, kutenga mfuko mdogo wa nauli na vipimo, na kumteua mtu wa kumsindikiza mgonjwa asiyejua njia za hospitali kubwa. WAWATA, vijana na Karitasi ya parokia wakishirikiana, mzigo huu unabebeka.

Yule mwanamke wa Injili hakuomba chochote. Alikuwamo tu katika sinagogi, ameinama, na kwa miaka 18 watu walikuwa wamemzoea. Tofauti ililetwa na Yesu aliyemwona. Jumapili ijayo, tutakapotoka kanisani, tutazame ni nani kati yetu anayetembea akiwa ameinama, kisha tumuulize ameanza kuugua lini, na kama amekwisha kuonana na daktari.