Pedi Hazina Kosa
Pikipiki inayosukumwa kwa taabu ingawa gia iko huru, diski ya mbele ikichemka baada ya safari fupi, huenda pistoni ya breki imekwama. Vijiweni, dawa ya kwanza ni kununua pedi mpya. Hela ya bure!

Mkosaji ni uchafu na kutu. Oili ya breki ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo huleta kutu. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka ibadilishwe kila miaka 2.

Kazi ya kusafisha pistoni hufanyika nyumbani: kalipa ifunguliwe, breki ibonyezwe taratibu mpaka pistoni ichomoze kidogo, isuguliwe kwa mswaki na maji ya sabuni, ikaushwe, irudishwe. Petroli na grisi ya kawaida, vipenzi vya mafundi wetu, huharibu sili za mpira. Zisiguse hapo.

Kabla ya kuondoka, breki ibonyezwe mpaka iwe ngumu.