Tramadoli inakatwa kwa makasi, neno hata moja hakuna

Wasomaji wa Golf, wiki hii nilikuwa nimesimama kwenye farmasi moja ya kartie yetu. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akaomba dawa ya kiuno. Kijana wa nyuma ya meza akachukua makasi, akakata komprime sita za tramadoli kwenye plaketi, akazitia ndani ya karatasi. "Moja asubuhi, moja mangaribi." Basi. Hakuuliza kama mtoto angali ananyonya. Boksi lenye maelezo likabaki kwenye rafu, na maelezo yenyewe ni ya Kifaransa na Kiingereza.

Mimi hiyo ninaiita kuuza. Kutoa dawa ni kazi nyingine.

Tramadoli si ndugu wa parasetamoli. Ni ya ukoo wa mofini. Mtu mzima asipite miligramu 400 kwa siku. Akizidisha, inaweza kumwangusha na degedege kama mwenye kifafa, ama kumpunguzia pumzi mpaka zikome. Akichanganya na lutuku, na bia, ama na diazepamu ya usingizi, hatari inapanda. Mwaka 2017 Marekani ilikataza watoto chini ya miaka 12 wasipewe, na ikaonya mama anayenyonyesha asiitumie, kwa sababu inapita ndani ya maziwa. Na mtu aliyeimeza wiki nyingi asiache kwa ghafula, apunguze polepole akifuata dokta. Ni maneno ya dakika mbili, kwa Kiswahili chetu cha kila siku!

Jibu la wenye farmasi tunalijua: mteja ana haraka, tukimuuliza sana ataenda kwa jirani. Kweli ataenda, maana jirani naye hasemi kitu. Nyote mkisema, ataenda wapi? Tena tuache kusingizia krezeri peke yao, eti ndio wanaomeza ili wachimbe bila kuchoka. Yule mama wa kiuno hajashika sururu.

Kuna wanaotaka dawa hii ifungiwe kabisa. Ninakataa. Mgonjwa wa kansa anayelia usiku kucha hahitaji kufuli. Kule Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda linatoa mofini ya kunywa tangu 1993, na mgonjwa anaitumia nyumbani kwake. Familia inafundishwa kipimo, saa, na mahali pa kuificha watoto wasiifikie. Kama mofini yenyewe inaweza kufundishwa kijijini, tramadoli inashindikana vipi hapa Lubumbashi, mji wenye chuo kikuu kinachofundisha ufarmasia?

Tangu 2020 nchi ina ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa. Inspekta akipita Golf, asitazame kibali na tarehe za maboksi tu. Asimame mlangoni, amuulize mama anayetoka na karatasi mkononi: wamekuambia nini?