MTOTO WA DEREVA WA BASI NA KURA ZETU





Mwezi huu tumeazimia kuzungumza juu ya mtu ambaye jina lake twalisikia karibu kila siku, nalo ni la Meya wa London, Sadiq Khan. Nia yetu si kumsifu wala kumpigia debe. Nia yetu ni kuyatazama maisha yake kama mtu atazamavyo kioo, ili tujione na sisi tulivyo.

Kilichotusukuma ni mazungumzo yaliyozuka hivi karibuni baada ya hitma ya ndugu yetu mmoja. Sahani zilipokwisha kuondolewa, maneno yaliangukia kwenye nauli za mabasi, vijana wanaochomana visu, na ada wanayotozwa wenye magari makuukuu. Kila aliyekuwapo alikuwa na lake la kulalamika. Tulipouliza ni wangapi kati yetu waliopiga kura katika uchaguzi wa meya wa mwaka 2024, ukimya ulitanda. Kisha mzee mmoja, mwenye miaka thelathini na zaidi katika mji huu, akatuambia, "Mwalimu, hayo ni ya wenyewe. Sisi ni wapita njia tu." Siku ile hatukumjibu. Leo twataka kumjibu kwa kisa.

Sadiq Khan alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1970, katika mtaa wa Tooting, kusini mwa London. Babu na bibi zake walihama India kwenda Pakistan nchi ilipogawanywa mwaka 1947, na wazazi wake wakahama tena kuja Uingereza katika miaka ya 1960. Wengi wetu twaielewa hali hiyo pasipo kuelezwa, kwani zimo miongoni mwetu familia zilizotoka Unguja au Mombasa zikaenda Maskat au Dubai, kisha zikaishia hapa.

Baba yake alikuwa dereva wa basi katika mji huu kwa zaidi ya miaka 25, na mama yake akishona nguo nyumbani kwa malipo. Walijaaliwa watoto wanane, naye ni wa tano. Waliishi katika flati ya halmashauri yenye vyumba vitatu vya kulala, wakilala kwa kubanana. Hakuna mjomba aliyekuwa mbunge wala shangazi aliyejua mlango wa kubisha. Kilichokuwapo ni kazi ya baba, sindano ya mama, na sharti kwamba watoto wasome.

Hapa mtatuwia radhi tukichelewa kidogo, maana sisi kazi yetu ilikuwa ualimu. Mtoto huyo alisoma shule ya serikali ya mtaani kwao, Ernest Bevin, ambayo mwalimu mkuu wake aliitwa Naz Bokhari. Bwana huyo anatajwa kuwa ndiye Mwislamu wa kwanza kuongoza shule ya sekondari nchini Uingereza. Meya mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kumwona mtu kama yule katika kiti kile kulimfundisha kuwa rangi ya ngozi na asili ya mtu si ukuta. Kijana alikuwa akichukua masomo ya sayansi, akitaka kuwa daktari wa meno. Mwalimu mmoja, akiona jinsi alivyopenda kubishana, akamshauri asome sheria. Neno moja la mwalimu, nalo likageuza njia ya mtu! Twawaomba wazazi wayazingatie haya. Aghalabu sisi huamua tangu utotoni kwamba mtoto atakuwa daktari au mhandisi, na mtoto mwenye ulimi mwepesi twamwita mkaidi.

Basi akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha North London, akawa wakili wa haki za binadamu, akiwatetea waliobaguliwa kazini na waliodai kuonewa na polisi. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa diwani katika halmashauri ya Wandsworth.

Wasomaji wetu, jambo hili la udiwani ndilo tunalolitaka hasa. Watu wengi humtazama meya kana kwamba aliamka asubuhi akajikuta juu ya kiti. Ukweli ni kwamba alikuwa diwani kwa miaka 12, na muda wote huo chama chake cha Labour kilikuwa upande wa wachache katika halmashauri ile. Kwa miaka 12 alihudhuria mikutano ambayo karibu kila kura ya mwisho upande wake ulishindwa. Kazi ya diwani haina fahari. Ni mambo ya taa za barabarani, taka, flati zenye unyevu, na mama mjane asiyejua aandike barua wapi. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tooting, mtaa uleule aliozaliwa. Mwaka 2009 akawa waziri wa nchi wa uchukuzi, Mwislamu wa kwanza kuhudhuria vikao vya Baraza la Mawaziri la Uingereza. Mtoto wa dereva wa basi akashika mambo ya usafiri!

Mwaka huohuo aliapishwa kuingia katika Baraza la Ushauri la Malkia. Kama alivyosimulia mwenyewe, aliulizwa atumie Biblia ya aina gani, naye akajibu kwamba angeapa kwa Kurani. Akaambiwa haipo, akaja na yake. Baada ya kiapo alipotaka kurudishiwa, aliomba iachwe palepale, ili atakayekuja baadaye aikute. Kisa hiki ni kidogo, lakini maana yake ni kubwa: yeye hakujiona mpita njia.

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze cheo chenyewe, kwani wengi huchanganya. London ina mameya wawili. Yuko Lord Mayor wa City, eneo dogo la kale la mabenki, ambaye kwa desturi hukaa mwaka mmoja. Na yuko Meya wa London nzima, cheo kilichoanza mwaka 2000, ambaye huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne. Huyu wa pili ndiye msimamizi mkuu wa mabasi na treni za chini ya ardhi, ndiye apangaye bajeti na vipaumbele vya polisi, na ana sauti kubwa katika ujenzi wa nyumba. Taka, shule na nyumba za halmashauri si zake. Hizo ni kazi za halmashauri za mitaa, nazo ni 32. Kwa hiyo anayemlaumu meya kwa pipa la taka lisilozolewa amebisha mlango wa jirani.

Sadiq Khan aligombea cheo hicho mwaka 2016. Kampeni ile ilikuwa chungu. Wapinzani wake walijaribu kumhusisha na watu wenye siasa kali, hata baadhi ya watu wa chama chao wakaona kwamba wamevuka mpaka. Alishinda kwa kura 1,310,143. Alichaguliwa tena mwaka 2021, na mara ya tatu mwaka 2024, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na meya yeyote wa London kabla yake. Mwisho wa mwaka huo ilitangazwa kwamba atatunukiwa cheo cha Sir.

Je, alifanya nini? Tutaje yaliyogusa mifuko na miili yetu. Septemba 2016 alianzisha utaratibu wa kupanda basi la pili bila kulipa tena ndani ya saa moja. Kwa mama anayefanya usafi ofisini alfajiri na kubadili basi njiani, nauli iligawanyika nusu. Tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali hapa London hupata chakula cha mchana bure. Mwenye watoto watatu anajua hesabu yake.

Na yako yaliyouma. Ada ya magari yanayotoa moshi mchafu, tuijuayo sote kwa jina la ULEZ, ilianza katikati ya mji mwaka 2019, na Agosti 2023 ikaenea London nzima: pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilotimiza kiwango. Hoja yake ni kwamba hewa chafu huua, na watoto wa mitaa ya maskini ndio waivutao zaidi. Yeye mwenyewe alipatwa na pumu ukubwani. Lakini fundi mwenye gari kuukuu aliuliza, "Nami nile nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Palikuwa na fedha za kuwasaidia watu kuachana na magari hayo, ila si kila mtu aliona zimemtosha.

Kuhusu visu, twasema kwa uchungu. Mwaka 2021 pekee waliuawa vijana 30 wasiotimiza miaka 20 katika mji huu, wengi wao kwa visu. Meya husema kwamba serikali kuu ilipunguza fedha za polisi na za vijana. Wapinzani wake husema dhamana ni yake. Mama aliyezika hafarijiwi na hoja hizo. Aidha yako mambo aliyoyapigia kura Bungeni ambayo Waislamu wengi hawakuafikiana naye. Hatuyafichi. Kiongozi hachaguliwi kwa jina lake bali kwa kazi yake, na kwa kazi hiyohiyo huulizwa.

Turudi kwa mzee wetu. Sisi wenyewe tuna la kukiri. Kwa miaka mingi sanduku letu lilikaa juu ya kabati, likingoja safari ya kurudi nyumbani kwa moja kwa moja. Kila mwaka tulisema "mwakani". Watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na sanduku lingali palepale. Muda wote huo tulipanda mabasi ya mji huu, na hatukutia kura hata moja ya kusema nauli iwe ngapi.

Na wengi hawajui kwamba haki hiyo wanayo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, akiwa na ruhusa halali ya kuishi hapa na umri wa miaka 18, aweza kumpigia kura meya na diwani wa hapa London, hata kama hana uraia wa Uingereza. Ajiandikishe tu katika halmashauri yake. Siku ya kura aende na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola yakubaliwa. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, lakini diwani ni wa kila mkazi, mwandikieni, mwendeeni.

Uchaguzi wa meya umepangwa kufanyika tena mwaka 2028. Mchagueni mumtakaye, wa chama chochote. Ila msikae kimya mkasubiri hitma ndipo mlalamike.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee wetu, siku yako ya tatu imepita miaka thelathini iliyopita. Jembe lako ni hilo.

Wabillahi tawfiq.