Mtaalamu Anapoingia Darasani

Imezagaa desturi moja katika shule zetu za msingi, nasi wakufunzi hatuwezi kujitoa katika lawama yake. Mwalimu akifikia mada ya magonjwa humwalika bwana afya. Watoto huamkia, hunyamaza dakika 40, hupiga makofi. Kisha katika andalio la somo, penye nafasi ya tathmini, huandikwa kuwa somo limefaulu. Sisi twaona kwamba hapo hapakufundishwa somo. Ilitolewa hotuba.

Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha tulimsikiliza mgeni wa namna hiyo akieleza kichocho katika darasa la tano. Alikuwa mjuzi, na kila alilosema lilikuwa sahihi: kwamba mayai ya minyoo hutoka na mkojo au choo cha mgonjwa, kwamba yakifika majini huangua vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono, na kwamba baadaye hutoka humo vijidudu vingine vinavyopenya ngozi ya mtu aliye majini. Watoto wakanakili. Kipindi kilipokwisha mtoto mmoja alitufuata nje, akasema, "Mwalimu, kijito chetu hakina kichocho. Maji yake ni meupe, unaona mpaka changarawe." Basi mtoto huyo ndiye aliyekuwa na jambo zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Maji meupe yaweza kuwa na vijidudu hivyo, kwani ni vidogo mno kwa macho yetu. Nao konokono hupenda majani ya ukingoni, pale pale watoto wanapochezea. Bwana afya angalilijibu kwa sentensi mbili, lakini alikuwa amekwisha washa pikipiki yake.

Hatusemi wataalamu wasialikwe. Twataka pawe na mazungumzo, na mfano tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kitabu, kisha wakajadili jinsi jambo lile lilivyo kijijini mwao na kuamua la kufanya. Walishiriki watu wapatao milioni 2, na vyoo vingi vikachimbwa. Mtaalamu alikuwa mbali, hata kuulizwa hakuweza, na hata hivyo mjadala ulikuwapo. Sisi tunaye mbele ya ubao, na mjadala hatuna!

Wapo wenzetu wanaodai kuwa mtoto kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Dai hilo hatulikubali: adabu imo katika namna ya kuuliza, wala haimo katika kunyamaza na jibu lisilo sahihi kichwani.

Kwa hiyo twamshauri mwanachuo akusanye maswali ya watoto siku moja kabla, ampelekee mgeni karatasi hiyo, na amwombe kwa heshima aseme robo tu ya kipindi. Asiyachuje maswali yaliyo magumu. Mtoto atauliza, "Tukikatazwa kijito, tuoge wapi?" Hilo si la bwana afya peke yake, naye hapungukiwi heshima akikiri hivyo mbele ya darasa. Mwalimu aliandike pembeni mwa ubao, na lisifutwe mpaka lifikishwe kwenye serikali ya kijiji.