Shukrani Haingoji Mavuno

Ukifika Meru au Embu, ndugu msomaji, Wakristo wengi watakupokea kwa "Bwana asifiwe": njiani, sokoni, hata shambani. Wako wenzetu wa pwani wanaoicheka salamu hiyo. Mimi siicheki. Kwanza, si ngeni kwetu. Misheni ya Wamethodisti iliyoanza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, ndiyo iliyofika Meru mwaka 1912; na hizo sifa na shukrani ni maneno ya Kiswahili chetu, asili yake Kiarabu.

Pili, huko juu penye chai na kahawa kushukuru ni kwepesi. Lakini teremka Mbeere na Tharaka, kwenye jua kali, ambako mvua ikikosekana hata mtama hunyauka. Nimemsikia mkulima wa huko, ghala lake tupu, akimsifu Mola asubuhi.

Dini yake ni yake, na yetu ni yetu, sizichanganyi. Lakini katika Sura Ibrahim Mola ameahidi kuwazidishia wanaoshukuru, wala hakusema wangoje pilau. Basi Alhamdulillahi yetu tuipimeje? Tuipime siku ambayo chungu hakikutelekwa.