Mnajua Kupiga Kelele, Hamjui Tarehe

Wasee, kabla hujapita, nijibu swali moja. Ukumbi wa kijamii wa mtaani kwenu uko wazi?

Wetu umefungwa kufuli. Ndani kuna viti vimevunjika na magunia ya saruji iliyoshika zamani. Huko ndani ndiko nilijifunza kuhariri video, kwa kompyuta moja iliyochoka ambayo tulipigania zamu watu kumi. Chumba cha nyuma mama mboga walikuwa wanaacha watoto. Jioni kulikuwa na ngumi na maigizo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, hapo ndipo nilikuwa naenda ili nisilale nyumbani nikihesabu mabati. Kazi yote mnayoona hapa ilianzia kwa hiyo kompyuta.

Sasa, Agosti mwaka jana niliona karatasi imebandikwa ukutani: wananchi wote mnaalikwa kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti. Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Wacha niseme ukweli, nilienda kutafuta kontenti. Nilidhani nitarekodi mheshimiwa akisema kitu cha ajabu, niweke muziki wa kuchekesha, imeisha hiyo.

Tulikuwa watu kama ishirini na kitu. Vijana wanne, na wawili kati yetu walikuja juu ya soda, hawakuficha. Ofisa akasoma karatasi mbio mbio kama makanga anaita abiria. Akafika mahali: ukarabati wa ukumbi wa kijamii. Mimi nikafurahi. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniinamia akasema, "Kijana wangu, hiyo nimeisikia mwaka jana, na mwaka juzi."

Nikainua mkono, nikauliza mbona ukumbi haufunguliwi. Nikajibiwa, "Swali zuri, tutalifanyia kazi." Hakuna mtu aliandika kitu.

Halafu akasimama mama mmoja anayeuza samaki pale steji. Akatoa kwa mfuko nakala ya mpango wa mwaka uliopita, imekunjwa mara nne. Akauliza pole pole: "Mwaka jana mliandika kiasi hiki. Pesa ilienda kwa bajeti ama ilibaki hapa kwa karatasi? Na kama iliingia kwa bajeti, ilifanya nini?" Chumba kikanyamaza. Ofisa akaita mwenzake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kalamu ikatoka.

Tukitoka nikamfuata. "Shikamoo mama, hayo yote ulijulia wapi?" Akanicheka. "Marahaba. Nyinyi watoto mnajua kupiga kelele, lakini hamjui tarehe."

Maze, iliniuma kwa sababu ni kweli.

Angalia. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Tukautafsiri kwa Sheng na lugha za nyumbani. Tarehe 25 tukaingia barabarani, wengine wetu hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Hakuna mtu anaweza kuniambia kizazi chetu hakiwezi kusoma bajeti. Lakini mpango wa kaunti, unaoamua kama mtoto wa jirani atapata mahali pa kulelewa mchana, huo nani kati yetu ameusoma? Mimi sikuwa nimeusoma.

Basi tarehe ni hizi, zimo kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia 1 Septemba kila mwaka, mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, kuna waraka wa kugawa pesa kwa kila idara. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hivyo ukingoja Juni ndio ulie kuhusu ukumbi, umechelewa karibu miezi kumi. Ni kama kufika kwa harusi watu wakiosha sufuria.

Na jua nani anadaiwa nini. Vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo ile siku nilienda kumlilia MCA kuhusu karo nilikuwa nimekosea mlango. Lakini malezi ya watoto wadogo, viwanja, maktaba na burudani ya umma, Katiba imeziweka kwa kaunti, Jedwali la Nne. Hapo hakuna kurushiana mpira.

Kuna watu wataniambia ukumbi ni kitu kidogo, kuna shida kubwa. Mimi naona hivi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, nchi iliunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka wa 2008. Sawa. Lakini mtaani kwetu Mluhya, Msomali, Mkamba na Mkikuyu walijuana kwa glavu za ngumi, wakipumua pamoja kwa chumba kimoja chenye joto. Tangu kifungwe, tunakutana matangani na kwa mikutano ya wanasiasa, na huko kwa wanasiasa kila mtu ameletwa na lori lake. Huwezi kuambia vijana wapendane na umewafungia mahali pa kukaa pamoja.

Najua jibu lako: vikao ni vya kupiga picha, wameshaamua. Mara nyingi ni kweli, sitakudanganya. Lakini Mahakama ya Juu ilisema mwaka wa 2019, kwa kesi ya kampuni ya tumbaku, kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, si desturi ya kutimiza tu. Kwa hivyo kikao cha Jumanne asubuhi, karatasi mnaonyeshwa hapo hapo, bila Kiswahili chepesi, hicho ndicho cha kupigania. Tuleteeni nakala mapema. Fanyeni Jumamosi. Na mrudi mtuambie mlichukua maoni gani, mlikataa yapi, na kwa nini.

Na sisi tufanye yetu. Tafuta mpango wa mwaka jana kabla ya kuenda. Wakikunyima, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Uliza kitu kimoja tu, chenye kiasi na mahali. Andika, peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri ubaki nayo. Video ya dakika moja haina muhuri, na hapo najiambia mimi mwenyewe.

Tuliandika barua yetu, ukurasa mmoja, sahihi za majirani nyuma. Kufuli bado iko. Sijui kama itatoka mwaka huu, na sitaki likes za kujifanya nimeshinda.

Ukiona tangazo la kikao mtaani kwenu, lipige picha uweke kwa komenti, nitalisambaza. Kikao chetu kikiitwa nitakuwa hapo, kando ya yule mama wa samaki. Safari hii na mimi nabeba nakala.